Aliyepima Maji kwa Baba Yetu

Kabla sijamwona nilimsikia, na sauti yake ilitoka chini ya miguu yangu.

Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta wa bwawa, siku ya tatu tangu tuvuke mpaka na kuhamia upande huu wa Molo, ile ya Tororo. Kushoto kwangu palikuwa na maji yaliyotulia, kulia mashamba ya mihogo yaliyoteremka hadi kwenye kinamasi, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Lakini kulikuwa na mwanamke anasali. Wakati huo sikujua neno hata moja la Kidhopadhola, ila Baba Yetu haifichiki katika lugha yoyote. Hujulikana kwa mahali inapopumzika. Hii ilikwenda polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayepanga mayai kikapuni. Ikafika amina, ikaanza tena papo hapo. Ikafika amina ya pili, ikaanza ya tatu, na katikati ya hiyo ya tatu ikakatika ghafla, kana kwamba Mungu ameshajibu na hapana haja ya kuendelea kumsumbua.

Niliteremka mteremko wa majani kwenda kuona. Chini kabisa, pale ukuta unapokutana na ardhi, mdomo wa bomba ulikuwa umechomoza, na mwanamke mnene wa makamo alikuwa amechuchumaa mbele yake akiwa na jagi la plastiki la kijani limejaa pomoni. Alilinyanyua juani, akalitazama kama mtu anayetazama fedha asiyoiamini.

"Wewe mtoto ya nani unakanyaga ukuta yangu?" akaniuliza kwa Kiswahili bila kugeuka.

"Wa mwalimu mpya, mama. Tumetoka Busia."

"Busia gani?"

"Ya Kenya."

"Ndiyo maana. Kwenu mnapita katikati ya kila kitu. Hapa zunguka huko, kwa njia ya ng'ombe."

Nilizunguka. Na kwa miaka iliyofuata, kila nilipokwenda kwake, nilizunguka kwa njia ya ng'ombe, hata siku ambazo hakuwapo karibu kuniona.

Watu wote walimwita Mpimaji, nami sitamwita vinginevyo. Kazi yake ilikuwa kupima jasho la ukuta. Ukuta wa udongo hutoka jasho, alinieleza, kama mtu yeyote aliyebeba mzigo mzito. Maji ya bwawa yanausukuma usiku na mchana, na kidogo hupenya. Waliojenga walilijua hilo. Ndani ya ukuta walitandika mchanga na kokoto, na bomba la kukusanya kile kidogo kinachopenya na kukitoa nje bila madhara. Mpimaji alitega jagi mdomoni mwa bomba na kuhesabu linajaa kwa muda gani. Injinia wa Tororo alimpa saa ya mkononi kwa kazi hiyo. Saa ikafa kwa maji wiki ya kwanza, naye akarudi kwenye kitu alichokiamini zaidi: Baba Yetu moja, mbili, mbili na nusu. Jagi likijaa polepole, ukuta ni mzima. Likijaa haraka kuliko jana, kuna kitu ndani kinafunguka. Na maji yakiwa na ukungu, ni kwamba ukuta unaliwa, kwa kuwa ule ukungu ni ukuta wenyewe unaotoka nje kidogo kidogo.

Injinia alipogundua, alikuja na saa yake ya simu, akamwambia asali mara kumi huku akimpima. Ilisemekana tofauti kati ya sala yake ndefu na fupi haikutosha kupiga chafya. Injinia akachukua daftari lake na kuandika kichwa cha safu mpya: B.Y.

Aliyekasirika ni katekista wa kanisa letu, mtu mwembamba mwenye haraka, aliyeamini kwamba mambo matakatifu yana mahali pake.

"Mama, unamfanya Mungu kuwa saa."

"Yeye alikataa?"

"Hakukataa, lakini…"

"Basi wewe unakataa kwa niaba ya nani?"

Sasa niseme mapema jambo ambalo yeye alilificha kwa muda mrefu, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa. Chini ya ukuta ule, upande wa mashariki, palikuwa na kichuguu chake. Alikuwa amekizika yeye na mume wake kwa mikono yao, kabla bwawa halijajengwa, na hakumwambia mtu. Mchwa huchimba njia ndefu zinazoweza kupitisha mkono, na maji yakizipata njia hizo, yatafanya yaliyobaki yenyewe. Bondeni, yatakakoelekea maji hayo, kuna nyumba, shule ya mama yangu, na matangi yanayonywesha watu hadi mpakani mwa Merikit. Wote walidhani anapima kwa sababu analipenda bwawa. Kumbe alikuwa anachunga kosa lake. Na kwa kulichunga, tangu siku maji yalipojaa, hakuwahi kulala nje ya bonde lile hata siku moja.

Nyumbani kwake, juu ya kizingiti cha dirisha, palikuwa na chupa za soda zilizooshwa, kumi na mbili, zimepangwa mstari. Kila mwezi alijaza moja kwa maji ya bombani, akaifunga, akaiacha itulie. Mwezi ulipozunguka mwaka, aliimwaga na kuijaza upya. Asubuhi jua lilipitia humo na ukuta wa ndani ukawa na madoa ya mwanga yanayotikisika. Mgeni alisifu uzuri wa mwanga huo. Yeye alitazama chini ya chupa tu, kuona kama kuna tope limekaa.

Alikuwa mchoyo wa kila kitu kinachohusu ukuta na mkarimu wa kila kitu kingine. Ungemkuta anamfukuza mbuzi wa jirani kwa mawe na matusi ya kuchekesha, kisha jioni anapeleka bakuli la kunde zilizopondwa kwa ufuta kwa mwenye mbuzi yule yule. Aling'oa kila mche uliothubutu kuota kwenye mteremko, kwa sababu mizizi hufanya kazi ya mchwa. Lakini nyuma ya nyumba yake palikuwa msitu mtupu. Nilimuuliza kwa nini asifyeke na huko.

"Huko hakuna maji inasukuma," akasema. "Acha kitu iote."

Alikuwa mkali wa uongo. Sokoni aliwahi kumpokonya mwanamke kopo la kupimia karanga, akaligeuza na kuwaonyesha watu wote jinsi kitako chake kilivyogongwa kwa ndani. Nilikuwa nimesimama naye. Tulipokuwa tunarudi nikamsifu kwa ujasiri wake. Tulipovuka daraja la kinamasi akasema, "Mtu mwenye kidonda ndiye anajua kidonda ya mwenzake iko wapi." Sikuelewa. Nilidhani ni methali tu.

Tuliongea Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho wote wawili. Chake kilikuwa cha biashara, kifupi, kisichojali upatanisho; changu kilikuwa cha shule. "Swahili yenu Kenya ni ndefu," aliniambia. "Ukitaka kuomba chumvi, mboga inapoa." Aliniita nyathi wa mwalimu, mtoto wa mwalimu, na aliendelea kuniita hivyo hata baada ya mwalimu mwenyewe kuhamishiwa shule nyingine.

Alikuwa na misemo yake. Maji haina haraka lakini haisahau. Ukuta haianguki siku moja. Siku moja ni ya kuonekana tu. Na mwingine aliousema akiwa amechoka, huku anajikanda magoti: kazi ya kuona hakuna kitu ni kazi kubwa.

Habari za kujengwa kwa bwawa nilizipata kwake vipande vipande, tukichambua mboga au tukisubiri jagi lijae, na aliporuka sehemu sikujua ameruka.

Kabla ya bwawa, maji ya kunywa yalitoka mahali pawili. Kulikuwa na chemchemi ya kinamasini, ambayo wakati wa kiangazi ilitoa kikombe kwa kila foleni, na kisima cha pampu ambacho maji yake yalikuwa na kutu kiasi kwamba chai iligeuka nyeusi kabla hujatia majani. Wanawake waliamka na kwenda, wakarudi, wakaenda tena. Binti yake wa pekee alijifunza kutembea akiwa ameshikilia jerikeni. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba litajengwa bwawa la maji ya kunywa, hapakuwa na mjadala kama linatakiwa. Mjadala ulikuwa litajengwa wapi, kwa sababu mabonde yalikuwa mawili: letu, na lingine kule upande wa Merikit.

Injinia wa kwanza, ambaye si huyu wa B.Y., alikuja kutembea bonde letu. Alisimama mbele ya kichuguu kirefu kuliko yeye na kusema kwamba vichuguu vilivyo kwenye mstari wa ukuta lazima vichimbuliwe hadi mzizi, na kwamba hiyo ni kazi ya ziada. Hilo tu ndilo alilosema. Lakini maneno yale yalitembea kutoka kwa mbeba vipimo hadi kwenye kilabu cha malwa, pombe ya ulezi, na kutoka kilabuni hadi majikoni, na yalipofika majikoni yalikuwa yamenenepa: injinia amesema bonde lenye vichuguu halifai, bwawa litakwenda Merikit.

Huku kichuguu ni urithi. Mtu huachiwa na baba yake kama anavyoachiwa ng'ombe, na hakuna anayethubutu kukisogelea cha mwenzake. Msimu ukifika, familia huweka miti juu yake, hufunika kwa blanketi, na kuanza kupiga vijiti juu ya ubao, taratibu, halafu kwa kasi, mlio wa matone. Kumbikumbi huko chini husikia mvua isiyokuwapo, na hutoka. Kichuguu cha Mpimaji kilitoka kwa babu wa mume wake. Kilikuwa kinajaza magunia. Kililipa karo ya binti yake, kilipika mchuzi wa harusi yake, na wapiga vijiti wa familia ile walijulikana: ilisemwa kwamba wakianza kupiga, hata majirani huanua nguo.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, yeye na mumewe walibaki nyumbani wakidai homa. Walikikata kichuguu kuanzia kichwani. Udongo wake mwekundu waliubeba kwa karai, wakakandika sakafu ya nyumba na ya jikoni, uliobaki wakautawanya. Usawa wa ardhi ulipofikiwa wakaacha. Hawakuchimba chini, chini ni mbali, na ibada ilikuwa inakaribia kwisha. Wakapanda marando ya viazi vitamu juu yake. Mvua za wiki ile zilikuwa nzuri, na viazi vikatambaa.

Wapima ardhi waliporudi, kijana mmoja alipigilia kigingi chake katikati ya majani yale.

"Mama, hapa hapakuwa na kichuguu?"

"Kichuguu? Hapa ni viazi."

Bwawa likaja kwetu.

Aliposimulia ujenzi wenyewe, uso wake uling'aa, maana ile ilikuwa miezi ya furaha. Kwanza mtaro mrefu ulichimbwa kukata bonde, katikati ya ukuta utakapokaa, na mtaro ule ukajazwa udongo wa mfinyanzi kutoka kinamasini. Huo ndio moyo wa bwawa, usiopitisha maji. Wafinyanzi wa kike waliitwa kuuchagua, kwa kuwa injinia alikuwa na mashine yake lakini wao walikuwa na meno yao: waliutafuna kidogo, wakatema, wakasema huu ndiyo, huu una mchanga. Malori yalimwaga udongo kwa matabaka, kila tabaka lisizidi urefu wa kiganja, na rola lenye meno lilipita juu yake mara nane, mara kumi, hadi meno yake yakawa hayazami tena. Udongo ukikauka haushikani, ukilowa sana unateleza. Kwa hiyo waliajiriwa wanawake wa kunyunyiza maji mbele ya rola, na yeye alikuwa mmoja wao. Mawe ya kukinga mawimbi yaliletwa kutoka Tororo, yakapangwa kwa mkono upande wa maji.

Upande wa mashariki, ukuta unapopanda kukutana na mlima, ukuta ni mfupi, na mtaro wa katikati haukuchimbwa kwa kina. Waliondoa majani na udongo wa juu tu. Waliondoa viazi vyake. Alisimama na ndoo yake ya kunyunyizia, akaona lori la kwanza linamwaga pale, na la pili, na rola likaanza kwenda na kurudi. Alifungua mdomo. Mumewe, aliyekuwa anasukuma toroli karibu, alimtazama, na yeye akaufunga.

Mumewe alifariki kabla bwawa halijajaa. Maneno yake ya mwisho kuhusu jambo lile yalikuwa, "Acha. Labda mchwa walihama." Na kamati ya bwawa ilipotafuta mtu wa kwenda bombani kila siku, kwa jua na mvua, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, mjane alinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Binti yake aliolewa Masinya, kwa Wasamia, mwendo wa asubuhi moja kwa pikipiki. Akazaa wa kwanza, na mama hakwenda. Akazaa wa pili. Alipozaa wa tatu alipiga simu, na kwa kuwa Mpimaji alizoea kuweka simu wazi akiwa anapika, nilisikia yote.

"Mama, mama mkwe wangu ananiuliza kama niliokotwa."

"Mwambie nakuja."

"Lini?"

"Mvua ikiisha."

"Mvua hii au ile ya mwaka jana? Hiyo bwawa ndiyo ulizaa, ama ulizaa mimi?"

Mpimaji alikoroga sufuria muda mrefu. "Tuma picha," akasema.

Kisha ukaja msimu ambao mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Maji yalipanda hadi yakaanza kupita kwenye njia ya pembeni iliyojengewa mafuriko, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona, na watu walikwenda kutazama wakiwa na miavuli kama wanaokwenda harusini. Yeye hakwenda kutazama. Alikuwa bombani. Asubuhi ya pili nilimkuta amesimama, jagi mkononi, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Haijafika amina," akasema.

"Nini, mama?"

"Baba Yetu moja. Haijafika amina, jagi imejaa."

Akalinyanyua. Maji yalikuwa na ukungu, kidogo tu, kama chai ya rangi iliyodondoshewa tone la maziwa. Tukiwa tumesimama pale kwenye manyunyu aliniambia kila kitu, kuanzia Jumapili ile hadi lori la kwanza. Alizungumza bila kulia, akitazama bomba. Alipomaliza akaniuliza, "Mama yako ana ufunguo wa darasa?"

Kamati ilikutana mchana huo huo katika darasa la pili. Hapakuwa na viti vingine, kwa hiyo wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Walikuwapo mwenyekiti wa kamati, seremala mmoja mzee, katekista, na injinia wa B.Y., aliyetoka Tororo kwa pikipiki akiwa bado anachuruzika matope. Mama yangu na mimi tulisimama nyuma. Mpimaji aliweka chupa mbili juu ya meza ya mwalimu, ya mwezi uliopita na ya asubuhi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Kabla mnauliza," akasema, "kichuguu ni yangu."

"Kichuguu gani?" akauliza mwenyekiti.

"Upande wa mashariki. Chini ya ukuta. Mimi na marehemu tulikata, tukapanda viazi. Nilidanganya wapimaji. Kama mnataka kunipeleka polisi, nipelekeni, lakini kwanza teremsheni maji."

Mvua iligonga bati. Nilitazama migongo ya wazee na nikaogopa kwa ajili yake. Kisha seremala akakohoa.

"Upande wa mashariki wapi? Karibu na mzambarau?"

"Mbele ya mzambarau."

"Ee." Akajikuna shingo. "Kwa sababu hiyo ya nyuma ya mzambarau ni yangu."

Watu wakageuka.

"Wewe mzee! Wewe ulipanda nini?" akauliza Mpimaji.

"Mtama."

Mwenyekiti alikuwa anatazama mikono yake. "Baba yangu," akasema taratibu, "alikuwa na moja pale karibu na mwamba. Ndogo."

"Ndogo kiasi gani?" akauliza injinia.

"Si ndogo sana."

Injinia aliweka kalamu chini. "Ndugu zangu. Kuna mtu yeyote humu ambaye hana kichuguu chini ya bwawa langu?"

Katekista akanyoosha mkono juu, wima, kama mwanafunzi hodari. Ukakaa hapo. Halafu ukaanza kushuka, polepole, hadi ukarudi mapajani.

"Ile ya kanisa," akasema. "Padri wa zamani alituambia tuisawazishe. Kwa ajili ya maendeleo."

Aliyeanza kucheka ni Mpimaji. Alicheka akiwa amesimama, ameshika meza, machozi yanamtoka, kicheko cha mtu aliyebeba gunia peke yake kwa miaka yote ile na kugeuka kukuta kijiji kizima kimeinama nyuma yake na magunia yao. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake. Kila mmoja alikuwa ametoa dhabihu ya kichuguu cha baba yake kwa siri ili bwawa lije, na kwa siri hiyo hiyo walikuwa wamelitoboa.

Maji yaliteremshwa siku hiyo. Kwa wiki kadhaa mabomba ya vijijini yalikuwa makavu, na wanawake walirudi kinamasini na jerikeni zao, wakiwaimbia wazee nyimbo walizozitunga njiani ambazo siwezi kuziandika hapa. Mpimaji alipewa jina la Mama Viazi, akaliitikia. Kila mwenye kichuguu alitakiwa kusimama juu ya mahali pake na kuonyesha, na hawakukosea hata kwa hatua moja, urithi hausahauliki. Mashine ilichimba. Njia za mchwa zilionekana kwenye kingo za shimo, nyeusi, mviringo, na katika mbili kati ya hizo maji yalikuwa yamepita na kulainisha kuta zake kama koo la mtungi. Walichimba hadi vyumba vya chini kabisa, wakawatoa malkia, weupe, wanene, wanaopumua. Wafinyanzi wakaja tena na meno yao. Rola halikuweza kuingia kwenye mashimo, kwa hiyo udongo ulishindiliwa kwa magogo na kwa miguu, watu wamepanga mistari, wanapanda na kushuka pamoja tabaka kwa tabaka. Nilikuwamo. Mama yangu alikuwamo. Katekista alikanyaga kwa bidii kuliko wote.

Bwawa lilipojaa upya, Baba Yetu ilirudi mbili na nusu, na ikakaa hapo. Kamati haikumwondoa kazini. Mwenyekiti alisema hakuna atakayeulinda ukuta kuliko mtu aliyeuogopa. Katekista aliteuliwa kuwa msaidizi wake, na kwa miezi mingi nilisikia sauti mbili kule chini.

"Wewe unasali mbio! Mvua inakufukuza?"

"Ndivyo nilivyofundishwa, mama."

"Basi ulifundishwa na mtu ana deni. Anza tena."

Lakini hakuondoka. Hilo ndilo lililonishangaza. Ukuta ulikuwa umepona, kosa limesamehewa, mtu wa kumshika mkono amepatikana, na bado alilala kila siku bondeni. Aliniambia, ngoja mvua moja ipite juu ya udongo mpya. Ikapita. Akasema, ngoja moja kubwa. Ikapita hiyo nayo, na chupa zote kumi na mbili zilikuwa safi hadi chini. Nikaanza kuelewa kwamba hofu iliyokaa muda mrefu hujifanya mwenye nyumba, na sikujua ni nani angeweza kuitoa.

Mara ya mwisho nilimtembelea mwaka huu, mwanzoni mwa mvua za masika, nikitokea Busia ninakoishi sasa. Nilizunguka kwa njia ya ng'ombe. Nikakuta pikipiki imeegeshwa uani, na dereva wake, kijana mwenye koti la mvua, amekaa juu yake anakula muwa. Ndani, Mpimaji alikuwa amevaa gomesi ya kitambaa cha buluu yenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana, nguo niliyokuwa nimeiona kwenye picha tu. Mezani palikuwa na mfuko mmoja na kuku aliyefungwa miguu.

"Nyathi wa mwalimu. Umekuja siku mbaya. Au nzuri. Kaa, chai iko."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Masinya. Amezaa tena. Alhamisi. Msichana, amempa jina yangu." Alisema jina lake, ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa, kwa haya, kama anayeonyesha nguo ya ndani. "Sasa mtu ana jina yako, utamtumia picha?"

Alinimiminia chai. Nje, mlimani upande wa Tororo, anga lilikuwa limeiva. Wingu lilikuwa limekaa chini, zito, la rangi ya bilinganya, na upepo wa kwanza uliingia ukanusa mapazia. Alilitazama. Kisha akautoa mfuko mezani, akauweka chini.

Dereva alichungulia mlangoni. "Mama, twende. Hii mvua itatushikia njiani."

"Ngoja kidogo."

"Hata kesho nitakuja, kama unataka kesho."

Neno kesho likabaki hewani. Niliona mkono wake unavyolitaka. Kesho lilikuwa limejaa kwenye nyumba ile. Binti wa Masinya alikuwa amelishwa kesho tangu mtoto wake wa kwanza. Niliogopa kwamba nikisema neno, nitasema la kumzuia.

"Mvua itanyesha na mimi siko," akasema, si kwangu.

"Ndiyo, mama."

"Itajaa na mimi siko."

"Katekista yuko."

"Katekista bado anasali mbio." Alitabasamu kidogo, lakini mkono ulikuwa bado juu ya meza. "Unajua mimi naogopa nini? Si kwamba itaanguka. Naogopa niende, nikae huko, nile, nibebe mtoto, na isianguke."

Radi ilinguruma mbali, ndefu, kama meza inayoburutwa. Kuku akajipindua. Mpimaji akainama, akauokota mfuko, akamweka kuku kwapani, akatazama nyumba yake pande zote kama mtu anayehesabu watoto.

"Wewe maliza chai," akaniambia. "Iko mandazi kwenye sahani ile. Mvua ikija, kaa mpaka iishe. Usiende kule chini kuangalia."

"Sitakwenda."

"Apa."

"Mama, naapa."

Alinitazama akipima kiapo changu, akaridhika nacho. Dereva alipiga honi. Matone ya kwanza yalianza kuanguka juu ya bati, machache, makubwa, yaliyoachana, na yeye alisimama kizingitini akiyasikiliza, kichwa kimeinama upande, na kwa pumzi moja nilidhani atarudi ndani kukaa.

"Kwaheri, nyathi," akasema, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Uligoma. Akauvuta mara ya pili, kwa nguvu, ukafunga.